Usiuze Picha, Uza Kilichomo Ndani ya Boksi: Somo Nililolipata kwa Daraja la Reli



Somo la leo ni refu kidogo, ila naomba ulisome mpaka mwisho. Mimi lilinigharimu shilingi 63,000 na nusura linipotezee mteja. Wewe unalipata bure.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nina fremu ndogo hapa Morogoro, Mji Kasoro Bahari. Nauza vitu vya watoto, zawadi na mapambo ya sebuleni. Fremu yenyewe watu watatu wakiingia imejaa, kwa hiyo mauzo mengi nayatoa kwenye simu. Niliishia kidato cha nne. Biashara nimejifunza kwa kukosea, na leo nawaletea kosa moja zima, mwanzo hadi mwisho.

ILIANZAJE

Tarehe 14 Juni 2024 treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Moro, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Tangu hapo kila mtoto anayeingia dukani anataka treni. Na wakubwa pia. Huku kwetu reli sio kitu kigeni. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, na Kigoma 1914. Kuna familia hapa babu alikula mshahara wa reli, baba akala mshahara wa reli. Nikajisemea, hapa kuna soko.

Nikaingia mtandaoni, nikakuta picha ya daraja la reli la mfano. Daraja la chuma, limepakwa rangi, lina kutu kwenye viungo, na chini yake kuna mto. Ukiliangalia haraka unaweza kudhani ni daraja la kweli limepigwa picha kwa juu. Nikaichukua ile picha kama ilivyo, nikaiposti: "Daraja la reli, zawadi nzuri kwa mzee wako, shilingi 85,000, weka oda."

Siku ya pili akanitafuta dada mmoja yuko Dar. Baba yake alifanya kazi ya gengi upande wa Kilosa, wale wanaotembea na reli kwa miguu, wanabadilisha mataruma na kukaza bolti. Mzee amestaafu, anaishi Kilosa. Watoto wamepanga kukutana nyumbani mwisho wa mwezi wa nne wamfanyie sherehe ndogo ya kutimiza miaka 70. Akaniambia, "Kaka, hilo daraja ndilo lenyewe. Baba akiliona atalia." Akatuma advansi shilingi 50,000 palepale.

Mimi nikaagiza maboksi matatu kupitia kwa wakala wetu wa mizigo. Moja la dada, mawili ya stoo. Mpaka yananifikia, kila boksi lilikuwa limesimama kwa shilingi 47,000. Hesabu yangu ya kichwani: 85,000 kutoa 47,000, faida 38,000. Safi kabisa.

BOKSI LILIPOFUNGULIWA

Mzigo umefika, nafungua boksi la kwanza. Hakuna daraja.

Ndani kulikuwa na fito za plastiki ya kijivu, na kwenye hizo fito vipande vidogo vidogo vimeshikana kama matunda kwenye tawi. Vingine vyembamba kama njiti ya kiberiti. Na karatasi moja ya michoro. Gundi hakuna. Rangi hakuna. Ule mto wa kwenye picha, hakuna. Treni, hakuna.

Kumbe nilichoagiza ni seti ya kuunganisha. Mnunuzi anajenga mwenyewe na kupaka rangi mwenyewe, na huko nje watu wanaifanya kama burudani ya jioni. Ile picha nzuri ilikuwa inaonyesha daraja lililokamilishwa na fundi mwenye uzoefu. Maelezo yalikuwepo pale pale chini ya picha, maandishi madogo. Sikuyasoma. Niliangalia picha na bei, basi.

Nikampigia dada picha ya vile vipande, nikatuma. Alinyamaza kama dakika kumi, halafu ikaja sauti: "Kaka, hii ni nini? Mimi nimelipia daraja. Baba yangu ana miaka sabini na macho yenyewe ya kusoma kwa miwani, ndiyo nimpelekee plastiki za kuunga?"

Hapo nilikuwa na njia mbili. Kumwambia "ndivyo inavyokuja dada, mzigo ukishafika haurudi", au kubeba kosa langu. Nikamjibu hivi: "Dada, kosa ni langu, nimekuuzia picha bila kujua kilichomo. Chagua mojawapo. Nikurudishie 50,000 yako leo hii, au unipe siku kumi nilijenge na kulipaka rangi mwenyewe, bei ile ile." Akakaa akafikiria, akasema sawa, siku kumi.

Tatizo ni kwamba mimi maishani sikuwahi kuunganisha hata kabati la kununua.

DARAJA LA KWANZA NILILIUA

Nawaambia nilivyoliharibu, maana hapa ndipo kuna elimu.

Kwanza nilivikwanyua vile vipande kwa mkono, vikaacha vidonda pembeni. Viwili vikavunjika katikati.

Pili nilitumia supagluu kama mtu anayeziba kiatu, namimina tu. Ilikuwa masika, mawingu yamekaa juu ya Uluguru toka asubuhi, hewa nzito ina unyevu. Supagluu inakauka kwa kutumia unyevu wa hewani, na mvuke wake ukiwa mwingi unarudi kukaa juu ya plastiki kama ukungu mweupe. Na mimi ili kuzuia vumbi nikalifunika daraja ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mvuke ukakosa pa kutokea. Asubuhi nakuta daraja limeota unga mweupe kila kona.

Tatu, nikataka kuusafisha ule ukungu kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Asetoni inayeyusha aina hiyo ya plastiki. Mhimili mmoja ulilainika ukapinda mbele ya macho yangu.

Nne, nikajipa moyo kwamba rangi itaficha. Nikachukua rangi ya kupuliza ya magari, nikapuliza kwa karibu, nzito, mkono mmoja tu. Ikatiririka. Ilipokauka nikagusa kwa ukucha, ikabanduka kama ganda la yai.

Shilingi 47,000 imekwenda. Siku nne zimekwenda. Zimebaki sita.

DARAJA LA PILI, HATUA KWA HATUA

Usiku ule nilikaa nikaangalia video za mafundi wa vitu hivi, moja baada ya nyingine, nikiandika kwenye daftari la mauzo. Kesho yake nikaanza upya na boksi la pili. Hizi ndizo hatua. Hata kama hutauza madaraja, zisome, maana kinyago, fremu ya picha, gari la kuunganisha, vyote vinafuata mwendo huu.

1. Hesabu kabla ya kukata. Nililinganisha kila kipande na ule mchoro, vikiwa bado kwenye fito zake. Kama kimoja hakipo unamdai aliyekuuzia sasa, sio baada ya kukata. Piga na video ukifungua boksi, huo ndio ushahidi wako.

2. Osha. Maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mswaki laini, suuza, acha vikauke vyenyewe. Kiwandani plastiki inapotolewa kwenye kalibu mara nyingi inabaki na mafuta. Hayo mafuta usiyoyaona ndiyo yanayofanya rangi ibanduke.

3. Kata, usikwanyue. Nilitumia kikata kucha. Kata mbali kidogo na kipande, halafu malizia kwa msasa laini, namba 400 kwenda juu. Ukikata umegusa kipande chenyewe unaacha kidonda.

4. Jaribu bila gundi. Panga vipande juu ya kigae cha sakafuni, kwa sababu kiko bapa. Meza yangu ya mbao imepinda, na daraja la kwanza lilipinda nayo. Ona kila kiungo kinakaa. Kisipokaa piga msasa kidogo, usilazimishe.

5. Anza na kuta mbili za pembeni. Angalia daraja lolote la chuma la namna hii, utaona limejaa pembetatu. Kuna sababu. Ukichukua vijiti vinne ukavifunga umbo la mraba, ukisukuma kona linalala. Vijiti vitatu vya pembetatu havilali mpaka kimoja kivunjike au kiungo kiachie. Kwa hiyo kila kijiti cha mshazari kwenye mchoro kina kazi yake. Nilipokiweka kimoja kwa kugeuza, ukuta mzima ulikataa kukaa.

6. Gundi kidogo kwa ncha ya kijiti cha meno. Tone dogo, shikilia, hesabu taratibu mpaka thelathini. Mafundi wa kazi hii wana gundi maalumu inayoyeyusha plastiki kidogo na kuvifanya vipande viwili kuwa kimoja. Hapa mjini niliitafuta sikuipata, nikabaki na supagluu. Supagluu inashika juu juu tu, kwa hiyo sehemu ya kiungo iwe safi, haina rangi wala mafuta. Fanya kazi dirisha likiwa wazi, na usifunike.

7. Pima mshazari. Hii nilifundishwa na jirani yangu fundi seremala, yeye anaifanya kwenye vitanda. Kuta mbili zikishaunganishwa na sakafu ya daraja, pima kutoka kona hii hadi kona ya mbali, halafu pima kona zile nyingine mbili. Vipimo vikilingana, daraja limenyooka. Lisiponyooka, rekebisha kabla gundi haijakomaa. Mimi lilikuwa limekwenda milimita 3. Nikalibana kwa vibanio vya nguo na vitabu viwili vya shule mpaka likakauka.

8. Praima kwanza. Subiri siku kavu. Mimi nilisubiri mpaka mawingu yakapanda na mlima ukaonekana, ndipo nikatoka uani. Kopo liwe umbali wa kama sentimita 25, puliza mikono myembamba mitatu, acha ikauke kati ya mkono na mkono. Rangi nyingine za kupuliza zina thina kali inayokula plastiki, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye zile fito unazotupa. Vaa barakoa, na watoto wakae mbali.

9. Rangi ya msingi. Nilitumia rangi za maji, akriliki, kijivu kilichochanganywa na kahawia kidogo. Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mzito, maana ule mzito unaziba vichwa vya bolti, na hizo bolti ndizo zinazofanya plastiki ionekane chuma.

10. Kutu na vumbi. Chukua rangi ya kahawia iliyokoza, changanya na maji mengi mpaka iwe kama chai ya rangi. Paka, yenyewe inakimbilia kwenye kona na kuzunguka bolti. Halafu futa kwa kitambaa kuelekea chini, jinsi mvua inavyotiririka. Ikikauka, saga chaki ya kahawia, paka ule unga kwa brashi kavu. Hilo ndilo vumbi la Kilosa. Chaki moja tu ilinitosha.

11. Malizia na vanishi isiyong'aa. Mikono miwili myembamba. Vanishi inayong'aa inafanya daraja lionekane kikombe cha plastiki.

Siku ya tisa jioni nililiweka juu ya kaunta. Nikazima taa ya dukani, nikawasha tochi ya simu kwa pembeni. Sikuamini kama ni mimi.

Nikampigia dada video. Safari hii nilimwonyesha pande zote nne, na pale nilipokosea pia: kuna alama ndogo ya gundi chini ya mhimili mmoja. Akajibu, "Kaka, mpelekee mwenyewe. Usitume kwa basi, litavunjika. Mimi naja Jumamosi na wenzangu."

KILOSA

Nililifunga hivi: boksi kubwa kuliko daraja kwa sentimita 5 kila upande, chini magazeti yaliyokunjwakunjwa, daraja limelalia juu ya sponji, juu magazeti tena. Kanuni ni kwamba mzigo usiguse ukuta wa boksi hata likidondoka. Mfukoni nikaweka vichupa vitatu vya rangi na brashi moja. Nilihofia njiani litachubuka.

Nikapanda basi, boksi nimelipakata mwanzo hadi mwisho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa daraja?"

Hiyo "fundi" ilinichoma kidogo, lakini nikaitikia.

Watoto wake walikuwepo, wajukuu wamejaa mkekani. Dada akafungua boksi. Mzee hakulia. Aliomba miwani yake, akalinyanyua daraja akalileta karibu na uso, akakaa nalo muda mrefu kimya mpaka nikaanza kutoka jasho.

Halafu akasema, "Pembeni umepatia. Kutu umeiweka inapokaa, kwenye viungo, pale maji yanaposimama. Lakini reli hii treni haipiti."

Nikauliza kwa nini mzee.

"Juu ya reli umepaka kutu. Reli inayopita treni haina kutu juu. Magurudumu yanaisugua kila siku inang'aa kama kisu. Ukiona reli ina kutu juu, ujue njia imefungwa." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kama ile mwaka wa mafuriko."

Wanawe wote wakamwangalia. Mafuriko anayoyasema ni ya mwisho wa 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipofurika Kilosa, watu wakakosa makazi na reli ikakatika. Mzee aliingia reli mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na shirika letu la reli likaanza. Ule wakati wa mafuriko alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, na gengi lake lilikuwa miongoni mwa waliotembea kuhesabu palipoondoka. Dada aliniambia baadaye kwamba hilo jambo mzee hakuwahi kuwasimulia. Siku ile alisimulia mpaka chakula kikapoa.

Kisha akaona kitu kingine ambacho mimi nisingekiona hata kwa mwaka. Akaweka kidole gumba katikati ya reli mbili, akasema, "Hii ni pana. Hii sio reli yetu, hii ni ya SGR."

Niliporudi nyumbani nikapiga hesabu, nikakuta mzee yuko sahihi. Boksi lilikuwa limeandikwa 1:87, maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 87. Reli za mfano wa kipimo hicho zinaachana milimita 16.5. Zidisha kwa 87 unapata kama milimita 1,435, na huo ndio upana wa SGR. Reli ya zamani ina upana wa mita moja, kwa hiyo kwenye kipimo hicho ilitakiwa milimita 11.5 hivi. Mimi niliuza "daraja la reli ya zamani" wakati reli ya juu yake sio ya zamani. Mzee amezitembelea zile reli zaidi ya miaka thelathini, kidole kilimwambia.

Nikamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Basi weka kwamba zimekutana." Nikatoa kichupa cha rangi ya fedha na brashi kutoka mfukoni, nikataka kung'arisha juu ya reli. Akaninyang'anya brashi. Akapaka mwenyewe, taratibu, mkono unatetemeka kidogo, mjukuu amemshikia daraja. Rangi ikatoka nje sehemu mbili. Hakuna aliyeifuta.

Dada akanimalizia 35,000 yangu iliyobaki.

HESABU YA KWELI

Wengi tunasimulia mauzo, hatusimulii hesabu. Hii hapa.

Mapato: 85,000.

Matumizi:
Boksi lililoharibika: 47,000
Boksi lililofanikiwa: 47,000
Praima, rangi, vanishi, brashi, msasa, gundi: 38,000
Vifaa vya kufungia mzigo: 4,000
Nauli kwenda na kurudi: 12,000
Jumla: 148,000

Hasara: 63,000. Na hapo sijahesabu jioni zangu.

Ningeweza kuepuka karibu yote kwa kusoma maandishi yaliyo chini ya picha na kuagiza boksi moja la majaribio kabla ya kupokea pesa ya mtu.

Boksi la tatu nililiuza lenyewe, bila kujenga, kwa 70,000. Safari hii niliposti picha nne: boksi, fito za kijivu, daraja langu lililoharibika, na la mzee lililokamilika (nilimwomba ruhusa). Niliogopa ile ya lililoharibika itafukuza wateja. Kumbe aliyenunua, kijana wa chuo, aliniambia ndiyo iliyomfanya aniamini. Baada ya hapo nimepokea oda tatu za kujengewa na kupakwa rangi, 150,000 kila moja. Boksi 47,000, rangi na gundi kama 10,000, kufungia 4,000, inabaki 89,000 kwa jioni nne za kazi. Sio utajiri, lakini najua ninachouza.

CHUKUA HAYA, YATUMIE LEO

Moja. Kabla hujaposti bidhaa mpya, ishike kwa mkono wako. Kama mtaji hautoshi kununua ya majaribio, posti kwa oda lakini andika wazi: "Bidhaa hii bado sijaishika, picha ni ya muuzaji." Mteja anayekubali hapo amekubali akijua.

Mbili. Picha yako iliyopigwa kwa simu, hata kama sio nzuri, ina thamani kuliko picha ya kiwandani. Piga kitu kikiwa ndani ya boksi, kikiwa nje, na kikiwa pembeni ya kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake. Daraja langu lina sentimita 36. Niliandika "kubwa kiasi". Kubwa kiasi ni ukubwa gani? Andika namba.

Tatu. Kwenye maelezo weka mistari miwili: KILICHOMO na KISICHOKUWEMO. Huu wa pili ndio unaozuia ugomvi. Kwa daraja mimi sasa naandika: "Kisichokuwemo: gundi, rangi, treni, mto. Linahitaji kuunganishwa. Upana wa reli ni wa SGR."

Nne. Ukikosea, mwambie mteja kabla hajagundua, na mpe machaguo mawili ambayo yote unaweza kuyatekeleza. Moja liwe kurudishiwa pesa yake. Kwa hiyo advansi ya mteja usiile kabla mzigo haujafika na kukaguliwa. Kama ningekuwa nimeila ile 50,000, nisingekuwa na chaguo la kumpa.

Tano. Muulize mteja bidhaa inakwenda kwa nani. Dada aliniambia ni mzee wa gengi, mimi nikasikia "zawadi". Ningemuuliza swali moja tu, mzee alifanya kazi reli gani, ningetafuta kipimo kinachofanana.

Sita. Kama umejifunza kujenga au kurekebisha bidhaa, hiyo ni huduma. Iwekee bei. Usiitoe bure kwa sababu tu ulijifunzia nyumbani.

Juzi dada amenitumia picha. Daraja liko juu ya kabati la vyombo la mzee, pembeni ya redio, na zile sehemu mbili rangi ilipotoka nje zinaonekana kabisa. Anasema kila mgeni akiingia, mzee anaanza na reli kwanza, habari za nyumbani baadaye.

Kazi ya kufanya leo: fungua ukurasa wako, chagua bidhaa moja ambayo picha sio yako, nenda stoo, itoe kwenye boksi, ipige upya na uandike kisichokuwemo. Ukimaliza niandikie hapo chini umekuta nini. Na kama una mwenzako anauza kwa picha za kuokota, mtumie hili somo kabla hajakutana na mteja wa Kilosa.

Kazi njema.